Tarehe Husafiri, Sababu Hubaki Nyuma

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa jamii yetu, Leicester. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wetu, mama zangu, shikamooni. Kaka na dada, habari za mchana. Nashukuru kwa kualikwa, na nawashukuru zaidi mliokuja na watoto kwenye baridi hii.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu: tarehe ya kuhama. Umeuza nyumba yako, umepata nyingine, wakili anasema karatasi zimekaribia kuwa tayari, halafu kila kitu kinakwama. Wewe unataka tarehe 14. Anayenunua kwako anataka tarehe 7. Unayenunua kwake anasema hatoki kabla ya mwisho wa mwezi. Wiki moja inapita, ya pili inapita, watu wanaacha kulala. Nimewaona wamekaa mbele ya meza yangu wanalia, wanawake kwa wanaume. Kwa miaka 14 nimekuwa karani katika ofisi za mawakili wa nyumba. Mimi si wakili, na ninayoyasema leo hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wako. Lakini simu za kugombania tarehe zinapita mikononi mwangu, na nimezisikia za kutosha kujua zinakwama wapi.

Kule nyumbani wengi wetu tulizoea mtu kununua kiwanja au nyumba kwa muuzaji mmoja, kwa akiba yake au kwa mkopo wa sako, na muuzaji anakokwenda baada ya hapo ni shauri lake. Huku Uingereza na Wales mambo ni mengine. (Uskoti ina sheria na utaratibu wake, kwa hiyo wenye ndugu Glasgow wasiwapelekee maneno yangu haya.) Huku familia tatu, nne, wakati mwingine saba, zinahama siku moja kwa hela ileile. Binti anayenunua fleti ya chumba kimoja huko chini ndiye anayeanzisha. Asubuhi mkopo wake unatoka benki, unaingia kwa wakili wake, unapanda kwa wakili wa mwenye fleti. Pale inakatwa ya kulipa deni la zamani, inaongezwa ya mkopo mpya, kisha inapanda kwa mwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kwa aliye juu yake, mpaka kwa mtu wa mwisho ambaye hanunui tena. Huo ndio mnyororo, au cheni kama tunavyosema sisi tunaoishi nayo. Pete moja ikisema "mimi siwezi siku hiyo", zote zinasimama.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui mpaka liwaume. Mpaka mikataba ibadilishwe, yaani mawakili wapeane nakala zilizosainiwa za kila upande, hakuna aliyefungwa. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi, wenye masharti yote waliyokubaliana, uliotiwa sahihi na pande zote. Dalali akikupigia simu akasema "wamekubali tarehe 14", hilo ni neno la mdomo. Barua pepe ya wakili yenye tarehe 14 nayo bado haikufungi wala haikulindi. Nimeona mtu aliyekata mkataba wa kupanga, akalipa lori la kuhamisha vyombo, akawaaga majirani, yote kwa neno la simu. Siku tatu kabla, aliye juu yake akabadili mawazo, na hakuwa na pa kumdai hata senti. Kwa hiyo kila mara mtu akiniambia "tarehe yangu ni fulani", swali langu la kwanza ni lilelile: umeshabadilishana mikataba?

Sasa niwape kisa changu, kwa sababu nilichojifunza kwenye kisa hicho sikukipata kwenye faili lolote kazini.

Mwaka 2018 mimi na mume wangu tulikuwa tunauza fleti yetu na kununua nyumba. Mnyororo haukuwa mrefu, nyumba tatu tu. Chini yetu alikuwa nesi kijana, ndiyo kwanza ananunua nyumba ya kwanza maishani. Juu yetu mke na mume wenye mtoto mdogo. Juu yao mzee mjane aliyekuwa anahamia kwa binti yake, ambaye alikuwa tayari wakati wowote. Sisi tulitaka Ijumaa, tarehe 28 Septemba. Nesi pia alitaka siku hiyo, maana mkataba wa nyumba aliyopanga ulikuwa unaisha tarehe 30 na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupata mpangaji mwingine. Wale wa juu yetu wakajibu: haiwezekani kabla ya Novemba.

Tukauliza kupitia kwa wakili: kwa nini? Jibu likarudi: "Wateja wetu hawawezi kabla ya Novemba." Tukasukuma. Jibu lilelile. Dalali akatuambia wale watu ni wakaidi, wameringa kwa sababu soko ni lao. Mume wangu akasema tuachane nao tutafute nyumba nyingine. Wiki tatu tuliishi na hasira juu ya watu tuliowahi kuwaona mara moja tu. Na mimi, niliyekuwa nafanya kazi hii kila siku, nikawa na hasira kama mtu mwingine yeyote.

Kisha tukaenda pale nyumbani kwao kupima madirisha kwa ajili ya pazia. Yule mama akatukaribisha chai. Katika mazungumzo akasema, kwa sauti ya mtu anayedhani tunajua: mkopo wao una riba isiyobadilika mpaka tarehe 31 Oktoba, na wakiulipa kabla ya siku hiyo benki inawatoza asilimia 2 ya deni. Deni lilikuwa pauni 180,000. Ni pauni 3,600, na wao walikuwa na mtoto wa miezi minane na mshahara mmoja. Tukatazamana mimi na mume wangu. Wao nao hawakuwa wamesikia lolote kuhusu nesi. Waliambiwa tu kwamba "wa chini wanalazimisha Septemba".

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona kinachotokea kwenye hizi cheni. Mwenye nyumba anamweleza wakili wake tarehe pamoja na sababu. Wakili, ambaye ana mafaili 80 mezani, anaandika tarehe tu. Wakili wa upande wa pili anamwambia mteja wake tarehe tu. Dalali anaipeleka ngazi nyingine na kuiongezea maoni yake. Tarehe inasafiri, sababu inabaki nyuma. Na tarehe isiyo na sababu, kwa mtu anayeipokea, inasikika kama ukaidi. Akishadhani wewe ni mkaidi, naye anakaza.

Tulimalizaje? Tulikubaliana Ijumaa ya tarehe 2 Novemba, kwa sharti kwamba nesi asiumie peke yake. Angelazimika kuhama mara mbili, alale kwa dada yake mwezi mmoja na vyombo viwekwe ghala. Wale wa juu wakatoa pauni 900, sisi tukatoa 300. Hela hizo zilipitia kwa mawakili, zikaandikwa, na mabenki yaliyokuwa yanakopesha yakaarifiwa. Hilo naliweka wazi kwa sababu ni kosa kubwa kupeana hela pembeni au kubadili bei kimyakimya; benki ina haki ya kujua. Pauni 900 kwa kuokoa 3,600: wale walifurahi. Nesi alifurahi kiasi, na simlaumu, mwezi mmoja kwenye kochi la dada si mchezo. Lakini alipata fleti yake.

Nataka kukaa kidogo kwenye hili la sababu, maana sisi tuna tabia yetu. Tumelelewa kwamba mambo ya nyumba ni siri. Mtu anahama na ndugu zake wanajua akishahama. Tunaogopa husuda, tunaogopa jicho, tunaogopa kusemwa kama jambo likiharibika. Siwaambii mtangaze kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ninachosema ni kwamba wanyamavu kwenye mnyororo ndio wanaoonekana wabaya. Nimeshika faili la baba mmoja aliyekataa tarehe nne mfululizo bila neno. Wa chini yake akachoka, akajitoa, nyumba ikarudi sokoni. Baadaye nikajua: mkewe alikuwa amepangiwa upasuaji wiki hizo. Nani angekataa kusubiri? Hakutaka watu wajue mkewe anaumwa. Angeweza kusema "kuna matibabu katika familia mpaka tarehe fulani" na yangetosha. Hakuna ambaye angeuliza ugonjwa gani.

Si kila sababu unaisema, nakubali. Ukisema "lazima nihame kabla ya tarehe fulani la sivyo naangamia", anayenunua kwako anaweza kuitumia kukupunguzia bei dakika ya mwisho. Hutokea, na ni tabia mbaya, lakini sheria haimzuii kabla ya mikataba kubadilishwa. Kwa hiyo sababu za kukuchelewesha ziseme bila woga. Za kukuharakisha zipime kwanza.

Mkigundua mmetofautiana, msianze kwa kuulizana "unataka tarehe gani?" Kila mtu ataitaja siku ya ndoto yake na kuishikilia. Swali linalofungua mambo ni: "siku zipi haziwezekani kabisa kwako, na kwa nini?" Mwombe dalali wa nyumba yako, kwa maandishi, awapigie madalali wengine wote wa mnyororo na kukusanya majibu ya swali hilo. Kazi hiyo ni sehemu ya kamisheni anayolipwa, na dalali mzuri huifanya. Mara nyingi, majibu yakikaa kwenye karatasi moja, unakuta kuna wiki moja au mbili ambazo hazijakatazwa na mtu. Tarehe inajichagua yenyewe.

Na mjue sababu za kweli zinafananaje, ili mkizisikia msizidharau. Kuna hiyo ya adhabu ya kulipa mkopo mapema. Kuna ofa ya mkopo inayokwisha muda. Ofa nyingi hudumu miezi mitatu mpaka sita, na ikipita benki inaweza kukupimia upya kwa riba mpya. Kuna nyumba ya marehemu ambayo watoto hawawezi kuikabidhi mpaka mahakama itoe hati ya mirathi, na hapo hata wakili bingwa hana la kufanya. Kuna shule, kwamba watu wanataka kuhama mwishoni mwa Agosti. Kuna nyumba mpya ambayo mjenzi hatoi tarehe kabisa. Anasema tu atakupa notisi, mara nyingi ya siku 10 za kazi, nyumba ikiwa tayari. Mtu wa namna hiyo akiwa kwenye mnyororo wenu, msimgombeze, naye hajui. Na kuna ushuru wa stempu, kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba. Waliokuwa wananunua mwanzoni mwa 2025 wanakumbuka: kuanzia tarehe 1 Aprili mwaka huo kiwango kisichotozwa kilishuka kutoka pauni 250,000 hadi 125,000, na kwa wanunuzi wa mara ya kwanza kutoka 425,000 hadi 300,000. Mwezi Machi simu zetu hazikunyamaza.

Lakini kuna chanzo kimoja cha ucheleweshaji ambacho ni chetu sisi hasa, na leo nitakisema mbele ya watu wetu. Ni hela ya amana, ile sehemu ya bei unayoitanguliza mwenyewe.

Mtu analeta pauni 25,000. Wakili anauliza zimetoka wapi, kwa sababu kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha za mwaka 2017 zinamlazimisha aulize. Jibu: elfu sita ni akiba yangu. Elfu nane ni chama, nilipokea zamu yangu. Elfu tano mama ameuza kiwanja Kilifi. Elfu nne kaka yangu aliye Muscat amenisaidia. Elfu mbili ni mchango wa marafiki. Kila neno ni la kweli, na ni jambo la heshima kwamba tunashikana mikono hivyo. Lakini wakili anataka karatasi ya kila moja. Daftari la chama liko wapi? Hela za Kilifi zilipita kwenye simu ya nani? Kaka ana kitambulisho na taarifa ya benki ya miezi kadhaa? Anatoa zawadi au anakopesha, maana benki inayotoa mkopo inataka kujua? Kukusanya haya kutoka nchi tatu kunachukua wiki. Wakati huo mnyororo mzima unaulizana "kwa nini wa chini hawako tayari?", na tarehe inasogea, na sisi tunaona tunaonewa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa haiishi, inakwama. Anza kukusanya karatasi hizo siku unayoanza kutazama nyumba. Usisubiri siku wakili atakapouliza.

Wale mnaonunua kwa mpango usio na riba, ongezeni wiki nyingine. Karatasi ni nyingi zaidi na mara nyingi benki huwa na wakili wake mwenyewe pembeni. Waambieni wenzenu wa mnyororo mapema. Wengi hawajawahi kuusikia mpango huo, na wakielezwa wanaelewa.

Sasa Ijumaa. Nchi hii inapenda kuhama Ijumaa, ili wapate wikiendi ya kupanga vyombo. Mimi naipinga Ijumaa kwa nguvu zangu zote, ingawa mwenyewe nilihama siku hiyo. Malori yanakuwa ghali. Mawakili wana kazi nyingi kuliko siku zote. Na hela ikichelewa Ijumaa, imechelewa mpaka Jumatatu. Masharti ya kawaida ya mikataba ya nyumba yanasema hela ikifika baada ya saa nane mchana, inahesabiwa kama imefika siku ya kazi inayofuata. Maana yake dakika kumi za Ijumaa zinaweza kuhesabiwa siku tatu za fidia. Na waumini wenzangu mnajua saa sita hadi saa nane ya Ijumaa ni saa ya nini. Nimempigia mtu simu kumwambia funguo ziko tayari, naye yuko msikitini, lori limezima injini barabarani na dereva anahesabu saa.

Mifumo nayo huanguka. Tarehe 20 Oktoba 2014 mfumo wa malipo wa Benki Kuu ya Uingereza ulisimama kwa sehemu kubwa ya siku, na watu wakakaa kwenye magari na vyombo vyao wakisubiri hela ipande. Tarehe 18 Julai 2024 malipo makubwa yalichelewa tena, na tena nyumba zilikuwamo. Mara zote mbili haikuwa Ijumaa, kwa hiyo hela iliyokosa siku hiyo iliweza kufika kesho yake. Chagueni Jumanne au Jumatano.

Wengi mnaniuliza: tubadilishane mikataba na kuhama siku hiyohiyo? Madalali wanalipenda wazo hili kwa sababu linaonekana la haraka. Mimi silipendi. Linamaanisha unafunga mabegi, unaita lori, unakabidhi nyumba uliyopanga, na mpaka asubuhi hiyo bado mtu yeyote anaweza kujitoa bila kulipa chochote. Ninapenda wiki mbili au zaidi kati ya kubadilishana na kuhama. Mikataba ikishabadilishwa tarehe imefungwa, hata ikiwa ni wiki nane mbele. Na hapo kwenye urefu wa muda ndipo ugomvi mwingi unapoweza kutatuliwa: anayetaka uhakika anaupata leo kwa kubadilishana mapema, anayetaka muda anaupata kwa kuhama baadaye. Watu wanagombana kana kwamba wanataka kitu kimoja, kumbe mmoja anataka uhakika na mwingine anataka siku. Kumbukeni tu bima. Kwa masharti ya kawaida, hatari ya nyumba inahamia kwa mnunuzi tangu siku ya kubadilishana mikataba. Nyumba ikiungua kabla hujaingia, ni hasara yako.

Je, ikishindikana kabisa kupata tarehe? Basi mmoja lazima abebe pengo. Mtu anauza, anahamia pa muda, ananunua baadaye. Ni gharama: kodi, ghala, kuhama mara mbili. Lakini kwa jamii yetu yenye shangazi Birmingham na binamu Luton, pengo la wiki tatu tunaweza kulibeba kuliko majirani zetu Waingereza ambao kulala kwa ndugu ni jambo zito. Nawaambia hili kama nguvu tuliyo nayo. Familia iliyosema "sisi tutatoka tarehe 7, tutajua pa kulala" imeokoa mnyororo wa nyumba sita mbele ya macho yangu. Ila ombeni gharama zenu zichangiwe na wale mliowaokoa, na iandikwe. Ukarimu usioandikwa wakili hawezi kukudaia. Mkopo wa muda mfupi wa kuziba pengo nao upo, lakini ni ghali, msiukimbilie.

Kuna wanaoomba wapewe funguo kabla ya hela kufika, wapake rangi au waingize vyombo. Muuzaji akiniuliza, namwambia azungumze na wakili kwanza, na jibu la wakili huwa ni hapana.

Na baada ya mikataba kubadilishwa, mtu akishindwa siku ya siku? Sasa sheria iko upande wa aliye tayari. Kwa masharti ya kawaida anayechelewesha analipa fidia ya kila siku, kwa riba iliyotajwa kwenye mkataba. Nyumba ya pauni 250,000, amana 25,000 imeshalipwa, zimebaki 225,000. Tuseme riba ni asilimia 8 kwa mwaka: ni kama pauni 49 kwa siku. Zaidi ya hapo, mwaka 1980 mahakama ya juu kabisa ya wakati ule, iliyokuwa katika Nyumba ya Mabwana (House of Lords, baraza la juu la Bunge), iliamua kesi ya mnyororo kama hii yetu. Familia ilikosa pa kuingia kwa sababu wa juu walichelewa, na mahakama ikasema kuchelewa ni kuvunja mkataba tangu siku ya kwanza, na hasara zake zinadaiwa. Kwa hiyo wekeni risiti za hoteli, za ghala, za lori lililorudi bure.

Aliye tayari anaweza pia kumpa mwenzake notisi ya kukamilisha. Akishaipata ana siku 10 za kazi. Zikipita akiwa ni mnunuzi, muuzaji anaweza kuvunja mkataba na kuishika amana, ile asilimia 10 mliyoichanga kutoka nchi tatu. Naombeni mlielewe hili kabla ya kusaini tarehe ambayo mioyoni mnajua hamuiwezi. Nimemwona mtu akisaini kwa aibu tu, kwa sababu wote walikuwa wanamsubiri, huku hela ya kaka haijatoka Muscat. Kabla ya sahihi, kusema "bado siko tayari" kunakugharimu hasira za watu. Baada ya sahihi kunakugharimu amana.

Nimemaliza niliyokuja nayo, na maswali ni mengi naona mikono. Nianze na yule dada wa nyuma aliyenishika mlangoni kuhusu tarehe 19. Umeniambia mikataba bado. Umeniambia wa juu yako wamekataa tarehe 19 mara mbili, na hujui kwa nini. Na ulipokuwa unaniambia, umenitajia pia kwamba mkataba wako wa kupanga unaisha tarehe 22, na kwamba hujamwambia mtu yeyote isipokuwa mimi. Njoo mbele tukae hapa. Tunaandika barua pepe kwa dalali wako sasa hivi, mistari mitatu, kabla pilau haijapakuliwa.